Soma Yakobo, Kisha Umlipe Mama Fua

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, matatu za kwenda mjini bado zinaita abiria pale Kengeleni, simu yangu huwa imeshapokea aya saba. Kundi la vijana wa kanisa, kundi la ukoo, kundi la chama, kundi la niliosoma nao sekondari, na stetasi za watu ambao sijaonana nao tangu kabla ya korona. Aya imeandikwa juu ya picha ya jua likichomoza. Tunajibu Amina. Halafu tunaenda kazini na kuishi kama watu ambao hawajasoma kitu.

Naandika haya nikiwa Mkristo, mzaliwa wa Kisauni, na naandika kwa hasira. Sehemu ya hasira hiyo inanihusu mimi mwenyewe, mtaona.

Ninachodai ni hiki: kusoma Biblia kila siku, jinsi tunavyokufanya wengi wetu huku ng'ambo ya kisiwa, kumegeuka kuwa dawa ya kutuliza dhamiri. Unameza aya moja asubuhi, moyo unatulia, siku inaendelea. Mimi nasema sura ambayo haijagusa mfuko wako, ulimi wako, wala mtu anayekudai, hiyo hujaisoma. Umeipitia tu, kama vile gari linavyopita Nyali Bridge.

Miaka miwili nilifanya kazi katika ofisi ndogo ya kutoa mizigo bandarini, upande wa Changamwe. Kila siku saa mbili kamili kulikuwa na ibada, na bosi aliiongoza mwenyewe. Tulisimama katikati ya meza na mafaili ya kontena, kila mtu na simu yake mkononi, tukasoma sura nzima. Mithali tuliimaliza mara mbili. Mishahara nayo ilikuja tarehe 15, mara tarehe 20, na miezi mingine ilikuja nusu. Kulikuwa na kijana mwenzetu wa kupeleka makaratasi. Wiki ya mwisho ya mwezi alikuwa akija kwa mguu kutoka Mikindani kwa sababu hana nauli. Anaingia shati limelowa jasho, anatukuta tunasoma, anainamisha kichwa na kusoma pamoja nasi.

Siku moja ratiba ya usomaji ikatufikisha Yakobo sura ya 5. Mnaijua. Ni pale mtume anapowaambia matajiri kwamba ujira waliowazuilia vibarua wa mashambani unalia, na kwamba kilio hicho kimemfikia Mungu. Bosi aliisoma kwa sauti yake nzuri, akafunga Biblia, akasema hilo ni onyo kwa wanasiasa wetu. Tukaliombea taifa. Ilikuwa tarehe 19, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelipwa.

Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi barazani, na watu hucheka sana. Nilikuwa nacheka nao. Lakini kuna sehemu ambayo nilikuwa siisimulii.

Kila Jumamosi mama mmoja alikuwa akitoka Mishomoroni kuja kwangu Mlaleo kunifulia. Shilingi 400. Jumamosi ya kwanza nikamwambia, "Mama, nitakutumia kwa M-Pesa jioni." Sikutuma. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu akafua, akaanika, akaaga, akaondoka. Katika wiki hizo tatu sikukosa kusoma hata siku moja. Programu ya Biblia kwenye simu ilinipongeza kwa siku 60 mfululizo, na mimi nikapiga skrinshoti nikaweka stetasi.

Jumamosi ya nne hakuja kufua. Alisimama mlangoni na kusema, "Mwanangu, nimekuja unisaidie na ile pesa yangu."

Unisaidie. Pesa ni yake, na bado ananiomba nimsaidie nayo.

Na si kwamba sikuwa nayo. Jumapili iliyotangulia nilitoa shilingi 1,000 za spika mpya za kanisa, na jina langu likasomwa mbele ya watu. Nilimlipa pale pale, 1,200 zote. Msinipongeze. Hajarudi tena kwangu. Kapata nyumba nyingine ya kufua, na ana haki.

Usiku ule nilifungua Mambo ya Walawi sura ya 19, ile ambayo programu ilikuwa imeniwekea alama kwamba nimeshaimaliza. Mle ndani imeamriwa kwamba ujira wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi. Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inabana zaidi: alipwe kabla jua halijatua, kwa sababu ni maskini na anaitegemea pesa hiyo. Hebu tulia hapo kidogo. Sheria inahesabu mpaka asubuhi. Yaani saa ile tunayotumiana aya ndiyo saa ambayo deni la jana limeshakuwa dhambi.

Kuna watu watasema huu ni ugonjwa wa kizazi cha simu, na kwamba wazee wetu walisoma vizuri zaidi. Sidhani. Turudi pale Kengeleni. Ile kengele iliyopapa mahali pale jina ni ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Watu waliokuwa wameuzwa kama magunia walifundishwa kusoma hapo, na kitabu walichosomeshwa ni hiki hiki. Baadhi ya watoto na wajukuu wao wakawa walimu na wahubiri. Hilo ni jambo kubwa na sitalidharau.

Lakini kijiji hicho hicho, kilichoishi kwa kengele na sala, mwanzoni mwa miaka ya 1880 kilikuwa na msimamizi Mwingereza, Streeter, aliyelaumiwa kwa kuwachapa wakaazi viboko vikali. Habari zikafika mpaka kwa maafisa wa Uingereza waliokuwa Zanzibar, na ikabidi aondoke. Mtu anaokolewa baharini asipigwe na bwana wake, kisha anakuja kupigwa chini ya kengele ya sala. Kitabu kilikuwepo, wasomaji walikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama katikati ya ibada na kuuliza: hii sura tuliyosoma inasema nini kuhusu fimbo iliyo nyuma ya mlango?

Kwa hivyo tusidanganyane. Dini bila matendo haikuletwa na WhatsApp. WhatsApp imeirahisishia usafiri tu.

Najua majibu mtakayonipa, nimeyasikia yote. La kwanza: "Mungu anaangalia moyo." Sawa, lakini mama wa Mishomoroni hawezi kununua unga kwa moyo wangu. Tena manabii wenyewe hawakukubali utengano huo. Isaya sura ya 58 inaongea na watu waliokuwa wakifunga na kuomba huku wakiwabana wafanyakazi wao siku hiyo hiyo ya mfungo. Mungu aliwaambia saumu yao haimfikii. Moyo wao haukutajwa kama utetezi.

La pili: "Afadhali mtu asome aya moja kuliko asisome kabisa." Hapa nasita, maana kuna wagonjwa na waliofiwa ambao aya moja imewavusha usiku. Hao siwagusi. Ninaowasema ni sisi wazima, wenye mishahara na wafanyakazi, tunaochagua aya za baraka na kuziruka za madeni. Lini mara ya mwisho mtu alikutumia Yakobo 5 juu ya picha ya jua likichomoza?

La tatu ni zito zaidi, nalo linasemwa kwa sauti ya chini: "Ukichimba sana Biblia utaishia Shakahola." Tangu Aprili 2023, makaburi yalipoanza kufukuliwa katika msitu ule wa Kaunti ya Kilifi na miili zaidi ya 400 kupatikana, nimewaona marafiki wakiogopa kusoma kwa kina. Wanabaki na aya fupi kwa sababu aya fupi haiui mtu. Naielewa hofu hiyo. Lakini waliokufa njaa kule hawakuponzwa na kusoma kupita kiasi. Walifika mahali ambapo mtu mmoja anasoma kwa niaba ya wote na hakuna wa kumuuliza. Angalia basi ibada ya ofisi yangu. Mtu mmoja anasoma, anaamua sura inamhusu nani, tunasema Amina. Umbali kati ya Changamwe na Shakahola ni mkubwa, namshukuru Mungu, lakini mazoea ya kunyamaza ni yale yale. Kinga yake ni kusoma pamoja na kuulizana kwa uwazi.

Na tukumbuke tunaishi na nani. Mtaani kwetu mwenye duka ni Mwislamu, mzee mpole, ana daftari la madeni lenye jalada jekundu. Anatufahamu Wakristo wa plot yetu kwa daftari hilo. Anajua nani hulipa mwisho wa mwezi na nani hubadilisha njia ili asipite dukani. Hajawahi kuhudhuria ibada yetu hata moja, na bado angeweza kutoa ripoti ya kanisa letu sahihi kuliko mchungaji.

Kwa hivyo napendekeza mambo mawili tu, na yote hayahitaji bando. Ibada za ofisini na za vijana ziishe kwa swali moja kabla ya sala ya mwisho: nani anatudai? Wafanyakazi waruhusiwe kulijibu bila kuogopa kufutwa. Kama bosi hawezi kuvumilia swali hilo, basi aache kuwasomea watu Yakobo. La pili, tuache kuhesabu siku. Kaa kwenye sura moja mpaka uitekeleze, hata ikikuchukua mwezi. Mimi nimekuwa kwenye Walawi 19 tangu mwaka jana. Kuna kifungu cha kutokwenda huku na huku ukichongea watu, na hicho bado kinanishinda kabisa.

Programu inaniambia nimerudi nyuma, ratiba yangu imevunjika. Na ivunjike.

Kesho alfajiri kidole kikikuwasha kusambaza aya, fungua M-Pesa kwanza. Angalia nani alikufulia, nani alikubeba kwa boda ukamwambia utamtumia, nani alikulelea mtoto. Tuma. Ukimaliza, nitumie hiyo aya, nami nitajibu Amina.