Kuitwa "Asilia" Hakutoshi

Wacha nianze na kosa langu. Mwaka jana muuzaji mmoja wa marashi alinitumia vichupa vitatu vya mafuta na elfu tano juu, nimpigie debe. Maneno aliniandikia yeye mwenyewe: "Ni asilia, hayana kemikali, jipake tu moja kwa moja." Nilikuwa nimeacha chuo, kodi ya keja imefika. Sikuuliza swali hata moja. Nikawasha simu, nikajipaka shingoni, nikatabasamu.

Siku nne baadaye dada mmoja akanitumia picha inboksi. Shingo yake yote nyekundu, vipele vimejaa. Aliandika neno moja tu: "Asilia?"

Kuna wasee wataniambia kila mtu asome lebo yake. Sawa, lakini vile vichupa havikuwa na lebo. Lebo nilikuwa mimi.

Ukweli ni huu. Hakuna kitu kisicho na kemikali, hata maji. Mdalasini ni asilia, mchaichai ni asilia, lakini mafuta yake makali yasipochanganywa na mengine yanaweza kuunguza ngozi. Mafuta yaliyokamuliwa kwa maganda ya ndimu, ukijipaka halafu utoke kwa jua, yanaweza kukuachia madoa. Watu wa Pwani wamekaa na harufu asilia kabla sisi tuanze kuzitangaza. Asmini wanaivaa ikiwa ua, kwenye kikuba. Udi unawekwa kwenye chetezo juu ya makaa, nguo ndizo zinafukizwa. Kila kitu na njia yake.

Tena asilia si lazima iwe safi kwa roho. Msandali wetu, ule wa Samburu, hung'olewa na mizizi kwa sababu mafuta yako hadi huko chini. Ukitolewa hivyo, mti umeisha. Kenya ilipiga marufuku kuuvuna mwaka 2007, na tangu 2013 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya mkataba wa CITES. Kwa hivyo mtu akikuuzia mafuta ya "msandali wa hapa hapa", muulize umetoka wapi.

Sasa, ukienda kununua, usinuse kifuniko halafu ulipe. Jipulizie mkononi, zunguka tao nusu saa. Ile harufu ya kwanza, ya ndimu ndimu, huisha haraka. Inayobaki ndiyo utaishi nayo. Usijaribu zaidi ya tatu kwa siku, pua huchoka. Kama ni mafuta, weka tone moja ndani ya kiwiko na usubiri hadi kesho. Na hizi za kupima za tao, mimi sioni aibu yoyote, bora muuzaji akuambie amechanganya na nini. Akikasirika ukiuliza, ondoka.

Kuvaa nako kuna heshima yake. Oga kwanza, marashi si sabuni. Jipulizie mara mbili, inatosha. Kwa mat ya watu 14, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua, harufu yako inakuwa ya kila mtu, hata yule mwenye pumu pale nyuma. Na usijipulizie karibu na jiko, hiyo ni spiriti, inashika moto.

Kuhifadhi, mimi nilipoteza chupa nzuri kwa kuipanga dirishani ipendeze kwa video. Mwanga na joto huua marashi, na bafu lenye mvuke pia si mahali pake. Kama keja yako ni ya mabati, iache ndani ya boksi lake, chini kabisa kwa kabati, kifuniko kimekaza. Ikibadilika rangi na kuanza kunuka kama siki, kubali imeenda.

Ile video niliifuta. Yule dada nilimlipia daktari, na ilibidi nikope, kwa sababu elfu tano ilishaenda kwa landlodi. Bado nachukua matangazo, siwadanganyi, ndiyo kazi yangu. Lakini kitu cha kupaka ngozi, nakijaribu mimi wiki mbili kwanza, na muuzaji aniandikie kila kilichomo.

Na siku mkinipata tena nikisema "haina kemikali", niulizeni kama yule dada. Neno moja tu linatosha.