Kila Meza Ina Bia, Sisi Tukae Wapi?

Sisi ni watu wa kawaida. Wengine mafundi, wengine makarani, wengine wana vibanda vya kusajili laini, wengine wamestaafu na wanasubiri mafao. Kinachotukutanisha ni kwamba tumeacha pombe, au tulishawahi kuiacha, au tumepanga kuiacha mwezi ujao kama tulivyopanga mwezi uliopita. Na tuna malalamiko. Chupa hatuilalamikii, maana haijawahi kumfuata mtu kwake ikabisha hodi. Tunawalalamikia nyinyi wajomba, mashemeji, mabosi na wenyeviti wa kamati, mnaotuambia asubuhi tupunguze na jioni mnatuletea ofa.

Jaribu kukaa baa uagize maji. Mhudumu atauliza, "Makubwa au madogo?" kisha atabaki amesimama, anangoja utaje kinywaji chenyewe. Meza itanyamaza kidogo, halafu mahojiano yaanze. Unaumwa? Uko kwenye dozi? Umeokoka? Shemeji kakupiga marufuku? Mwenzetu mmoja alijibu kwamba hana tatizo lolote, ameamua tu. Hawakumwelewa. Haukupita muda ikatua bia mbele yake, ya baridi, imeshafunguliwa, "imetoka kwa yule mzee pale pembeni". Sasa bia iliyofunguliwa utamrudishia mzee vipi? Ukikataa umemdharau. Ukiiacha ipate moto mezani umemdharau zaidi, kwa sababu anaiona, na kila akigeuka anaiona iko vilevile. Mwenzetu aliinywa. Na ya pili aliagiza mwenyewe, kwa sababu mzee naye alistahili kurudishiwa ofa.

Tumelitazama jambo hili kwa muda mrefu, tukaona kwamba ruhusa ya kutokunywa ipo, ila karibu kila mara ina tarehe ya kuisha. Ukiwa kwenye dozi unaachwa, lakini watu wanakuhesabia vidonge. Mjamzito anaachwa mpaka ajifungue. Mkatoliki akisema yuko Kwaresma, hata walevi sugu wanamlinda: "Mwacheni huyo, yuko mfungo." Siku 40 zinapita salama, Jumatatu ya Pasaka kreti linamngoja. Ndugu zetu Waislamu wanaokunywa (wapo, tusidanganyane) wanakaa Ramadhani nzima bila kuulizwa swali. Ila kabla mwezi haujaandama kuna vunja jungu, na ukishaandama wa kufungulia kuna Idi mosi na Idi pili, na mnajua wenyewe meza zinavyojaa. Aliyeokoka ndiye pekee anayeachwa moja kwa moja, na bei yake ni kwamba haalikwi tena.

Kwaresma hiyohiyo ndiyo inayotufanya tulalamike kwa sauti. Mtu aliyeshindwa kukaa wiki moja bila bia mwezi wa kumi anawezaje kukaa siku 40 mwezi wa tatu? Imani inamsaidia, hatubishi. Lakini tazameni na upande wa pili: katika siku hizo hakuna anayemsukuma. Hakuna anayemwita mtoto, hakuna anayemuuliza kama ni mwanamume kweli, hakuna anayemfungulia bia bila kumuuliza. Kumbe mnaweza kumwacha mtu! Mnachokataa ni kumwacha bila padri, shehe au daktari kumwandikia ruhusa.

Mtasema tulianza wenyewe. Hebu tukumbushane tulivyoanza. Hakuna aliyezaliwa akipenda pombe. Mpe bia mtu asiyeizoea uone atakavyokunja uso. Tulifundishwa. Sisi tuliotoka Kilimanjaro, wengi tuliionja mbege tumekaa karibu na bibi, anatupa povu tulambe, watu wazima wanacheka. Tulimwona akichemsha ndizi mbivu, anaziacha zichachuke, anachanganya na kimea cha ulezi na kutia gome la msesewe ili ipate ule uchungu. Tuliona mwenye pombe akionja kwanza mbele ya wageni, wajue hakuna sumu, ndipo kata izunguke kwa umri. Posa ilikwenda na mbege, tambiko likaenda na mbege. Ukoo ukikaa kumhukumu mtu, faini ikatajwa kwa debe la mbege, na mkosaji akainywa pamoja na waliomhukumu. Wenzetu wa Kagera wana habari hizohizo za rubisi, wa Iringa na Njombe wana za ulanzi unaogemwa kwenye mianzi mvua zikianza, wa Pwani wana mnazi. Kwa hiyo kabla mtoto hajajua kama pombe inalewesha, alishajua kuwa pombe ndiyo heshima, ndiyo msamaha, ndiyo undugu. Huyo ndiye mnayemwambia ukubwani, "Si uache tu?"

Bibi hatumlaumu. Mbege yake ilikuwa na mwenyewe na ilikuwa na siku yake, na ikikaa sana inakuwa chachu hainyweki. Mtu alilazimika kungoja. Leo nani anangoja? Bapa liko dukani kwa Mangi, rafu moja na maziwa ya watoto, saa moja asubuhi. Tarehe 1 Machi 2017 serikali ilipiga marufuku viroba vya pombe kali, na tulishangilia kweli, maana tulikuwa tunawaona madereva wa bodaboda wanavinyonya kituoni kama ice cream. Mfuko ukaondoka. Kilichokuwa ndani kikahamia kwenye chupa. Sheria ya vileo tunayo tangu 1968, na ina saa zake za kufungua na kufunga, lakini asubuhi ukipita utaambiwa baa haijafunguliwa, wanauza supu tu. Kaa unywe hiyo supu, utaona inaletwa na nini. Mtu wa jana anazimua, na anayezimua saa tatu asubuhi ana safari ndefu mpaka jioni.

Njooni sasa kwenye harusi, maana hapa ndipo tunapoumia. Vikao vinaanza miezi mitatu kabla. Kuna kamati ya ukumbi, ya chakula, ya mapambo, na kamati ya vinywaji, ambayo ndiyo yenye kelele. Mwenzetu mmoja aliwahi kuwa katibu wa kamati hiyo na karatasi ya bajeti tuliiona. Bia ziliandikwa kwa kreti, na kulikuwa na kikao kizima cha kujadili kila mtu apate ngapi, wengine wakisema nne ni aibu. Vinywaji vikali vya meza kuu vikawa na mstari wake. Mvinyo wa akina mama ukawa na mstari wake. Chini kabisa, kwa kalamu nyingine, kana kwamba mtu alikumbuka wakati anafunga daftari, iliandikwa: "soda, watoto na watu wa dini". Hapo ndipo tulipowekwa. Usiku wa sherehe, saa tatu haijafika, soda zimekwisha, na mhudumu anamwinamia baba wa watu mwenye mvi anamwambia kwa adabu zote, "Mzee, zilizobaki ni za watoto, nikuletee bia ya moto au ya baridi?" Tulichangia kadi bei ileile. Wenye dabo walilipa dabo. Tunarudi nyumbani na kiu.

Msiba nao ni hivyo hivyo, tusiuzungumze sana. Siku ya kumaliza matanga, waliokuwa wanalia juzi wanagombea kreti, na aliyezikwa pengine ni pombe iliyomuua, jambo ambalo msemaji wa familia ameliita "kuugua kwa muda mfupi".

Kazini mnasema pombe hairuhusiwi, na ni kweli getini hairuhusiwi. Lakini fundi wa ujenzi analipwa wapi Jumamosi? Tajiri anawaambia, "Nikuteni pale," na pale ni baa. Utakaa dakika arobaini unasubiri chenji ipatikane, na kila aliyelipwa kabla yako anatoa moja. Ofisini, habari ya nafasi mpya haibandikwi kwenye ubao mpaka imeshazungumzwa Ijumaa usiku juu ya nyama choma. Mwenzetu aliacha kunywa mwaka juzi, afya ikarudi, uso ukang'aa. Akaanza kushangaa kwamba kila jambo analisikia Jumatatu, likiwa limekwisha. Bosi hana ubaya naye. Anasema tu, "Wewe siku hizi hupatikani."

Mpira? Desemba 2013 Simba na Yanga walikutanishwa na bia ya Kilimanjaro kwenye mechi iliyoitwa Nani Mtani Jembe. Simba wakashinda 3-1, na sisi wa pande zote mbili tukaenda kunywa, hawa kwa furaha, hawa kwa machungu. Na kila Juni, bajeti ikisomwa, tunatega sikio tujue bia imepandishwa ushuru kiasi gani, halafu mtu anasimama na glasi kutangaza kwamba walevi ndio wanaojenga barabara. Watu wanapiga makofi. Hatujasikia mtu akisimama kuuliza kwamba, kwa ushuru wote huo, kitanda cha mtu anayetaka kuacha kiko wodi gani.

Maana wapo wenzetu ambao kwao jambo hili limeshapita suala la aibu na heshima. Aliyekunywa kila siku kwa miaka mingi, ubongo wake umejifunza kufanya kazi ukiwa umebanwa na kileo, umeongeza nguvu ili usilale. Kileo kikiondolewa ghafla ile nguvu inabaki, haina wa kuizuia. Mikono inatetemeka mpaka kikombe hakishikiki, jasho linamtoka usiku wa baridi, usingizi hakuna. Ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kuanguka kwa degedege. Wengine, siku ya pili au ya tatu, wanaanza kuona wadudu ukutani na kuongea na wasiokuwepo, na hali hiyo inaua. Mtaani tunasema karogwa. Au anatokea mwenye huruma, "Mpeni kidogo azimue," anapewa, anatulia kweli, na wote mnaondoka mkiamini kuwa pombe ndiyo dawa yake. Kumbe zipo dawa za hospitali za kumtuliza, na vitamini B1 ambayo mwili wa mnywaji huwa umeishiwa, na zikisimamiwa vizuri siku hizo chache huvukwa. Jirani yetu aliyekwenda zahanati moja alirudi na cheti kilichoandikwa "aache pombe". Hakuulizwa anakunywa kiasi gani wala tangu lini. Alitii maagizo jioni ileile, peke yake, chumbani kwake, na usiku wa pili tulimkuta chini. Alipona. Waraibu wa heroini walianza kupewa methadoni Muhimbili mwaka 2011, na tunafurahi kwa ajili yao. Sisi tulipewa nasaha.

Akina mama waliomo humu wameomba tuseme na lao. Mwanamume akinywa ni mwanamume, akilewa kazidisha. Mwanamke akinywa kashindikana, kwa hiyo anakunywa kwa siri, kikombe cha chai, mlango umefungwa. Akitaka kuacha inabidi kwanza akiri kwamba alikuwa anakunywa, na hapo ndoa inaitishiwa kikao. Wengi wanaona heri kikombe.

Mwaka 1935, huko Akron, Marekani, walevi wawili, mmoja wa mambo ya hisa na mwingine daktari, waligundua kwamba wakikaa pamoja kuzungumza hawanywi, na hapo ndipo ilipoanzia AA, Alcoholics Anonymous, umoja wa walevi wanaosaidiana kuacha. Vikundi vyake vimefika hata Nairobi. Mengine ya AA tunabishana, maana humu kuna wasiopenda kusimama na kujitaja kuwa walevi mbele za watu. Lakini jambo moja walilipata barabara: walimtafutia mtu mahali pa kukaa jioni.

Hilo ndilo linalotukwamisha. Saa kumi na mbili kazi imeisha. Nyumbani ni chumba na sebule, watoto wanafanya hesabu kwenye meza ya kulia, na mama anataka upishe njia apike. Mtu asiyekunywa aende wapi? Penye kiti, taa, runinga na watu wanaokujua kwa jina ni baa, na mtaani kwetu zimepangana. Tulikuwa na kijiwe cha kahawa chini ya mwarobaini, mzee anapita na birika na kashata, tunacheza drafti mpaka usiku. Kikavunjwa kupisha upanuzi wa barabara, na hakuna aliyelipwa fidia ya kijiwe.

Kwa hiyo tulikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa tukaomba eneo dogo tu, tuweke mabenchi, taa na meza ya drafti, gharama zetu wenyewe. Alitusikiliza vizuri, akatupongeza, akasema tuandike barua. Tumeandika. Amejibu kwamba ombi letu litajadiliwa Jumapili saa kumi jioni na wajumbe wote, na kwa kuwa ofisi ya mtaa ni ndogo, kikao kitafanyika pale baa ya jirani. Ametuomba tusichelewe, na kila mmoja aje na hela ya kinywaji chake.