Nani ana ufunguo wa picha za familia yako?

Wiki mbili baada ya kumzika baba mkwe, wifi yangu alishuka Makambako akitokea Iringa ili abadili gari la kuja Njombe. Alipokaa kwenye siti na kupapasa mkoba, simu haikuwapo. Mnaijua stendi ile: magari ya Mbeya, Iringa na Songea yanapishana hapo na kila mtu ana haraka. Simu yenyewe hakuililia. Alililia picha: mzee ameegemea ukuta akiota jua na koti lake zito, mzee na viazi vya mwisho alivyovuna, na video akimfundisha mjukuu kuhesabu kwa Kibena.

Nikamwambia asikate tamaa. Simu nyingi za Android zina Google Photos, huenda picha zilishapanda mtandaoni zenyewe. Akaniuliza, "Sasa tunaingiaje?" Barua pepe yake alikuwa haijui. Siku aliyonunua simu, kijana wa dukani ndiye aliyemfungulia kila kitu, akamkabidhi ikiwa tayari.

Wazazi wenzangu, wengi wetu tuko hapo. Tunaulizana sehemu ipi ni nzuri ya kuweka picha, kumbe hata ile tuliyonayo ilifunguliwa na mtu mwingine, kwa namba yake, kwa neno la siri alilolibuni yeye.

Anwani tuliipata kwenye boksi la simu, imeandikwa kwa kalamu. Nashukuru wifi si mtu wa kutupa maboksi. Kijana naye tulimpata. Aliacha kazi ya duka, siku hizi anaendesha bodaboda palepale Makambako. Wala hakufikiri mara mbili: "Mama, mimi huwa naweka jina la mteja halafu 12345." Wateja wote! Namba ya kurejeshea akaunti nayo ilikuwa yake, kwa hiyo namba za uthibitisho zilipotumwa ziliingia kwenye simu yake, akatusomea. Nilifurahi na kuogopa kwa pamoja. Miaka mitatu picha za watoto wetu, hata zile za kuoga kwenye beseni, zilikuwa mikononi mwa mtu tusiyemfahamu. Bahati yetu ni kijana mwema.

Basi leo jioni fungua mipangilio ya simu yako, ingia kwenye Google, uone ni anwani gani imeandikwa pale na namba ya simu ni ya nani. Weka namba yako, badilisha neno la siri, liandike kwenye daftari linalokaa kabatini pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Najua wapo watakaosema neno la siri haliandikwi. Mimi naona mwizi wa stendi haji kufungua kabati lako. Mwonyeshe na mwenzi wako daftari lilipo. Na laini iwe imesajiliwa kwa jina lako, siyo la shemeji, ili ikipotea uweze kuirudisha wewe mwenyewe.

Turudi kwa wifi. Picha zilifunguka, tukashangilia, kisha tukanyamaza. Ya mwisho ilikuwa ya Machi, alipokuwa kwa kaka yake Dar es Salaam. Mzee alifariki Juni. Programu hii mara nyingi husubiri Wi-Fi ndipo ipandishe picha. Kwa kaka yake Wi-Fi ipo, huku nyumbani anatumia bando. Miezi yote ile mitatu picha zilikuwa zinasubiri. Kama nawe unaishi kwa bando, ingia kwenye mipangilio ya Google Photos uruhusu data ya simu kwa picha, video uziache. Video zisubiri siku unayokwenda kwa ndugu mwenye Wi-Fi: simu iwe mezani, nyie mnywe chai.

Kuhusu mahali pa kuweka, usidanganywe na neno bure. Google hadi tarehe 1 Juni 2021 walikuwa wanapokea picha bila kikomo, sasa ni GB 15 kwa picha, barua pepe na Drive kwa pamoja. Picha za MB 3 zitaingia kama 5,000, ila video ya dakika moja tu inaweza kula MB 100. Wenye iPhone hupewa GB 5 za iCloud. Flickr walikuwa wanatoa TB 1 bure, mwaka 2019 wakashusha hadi picha 1,000. Myspace mwaka huohuo walikiri kwamba picha za zaidi ya miaka mitatu nyuma huenda zimepotea. Na akaunti ya Google isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa, hivyo ile ya marehemu msiisahau.

Kwa hiyo mimi siulizi kwanza nafasi ni kubwa kiasi gani. Nauliza kama siku nikitaka kuhama naweza kutoa picha zangu zote kwa mkupuo (kwa Google kuna Takeout), halafu nauliza nani anaziona. Flickr, usipobadilisha mwenyewe, picha huonekana na kila mtu. Za watoto si za kuweka hivyo.

Popote utakapochagua, nakala nyingine iwe kwenye fleshi au kompyuta nyumbani. Memori kadi iliyo ndani ya simu haihesabiki, inaibwa na simu yake. Na mtoto akifuta picha ndani ya Google Photos, inafutika simuni na mtandaoni. Iliyokwisha kupanda hukaa siku 60 kwenye pipa la taka, mnaweza kuirudisha kabla haijaondoka kabisa.

Ile video ya kuhesabu haikuwa imepanda. Wifi alikumbuka aliituma siku moja kwenye kundi la ukoo WhatsApp. Tukauliza nyumba kwa nyumba. Wengi walishafuta kupata nafasi. Shangazi yake wa Songea, ambaye simu yake hulalamika kujaa kila siku, ndiye aliyekuwa nayo. WhatsApp huminya video, kwa hiyo uso wa mzee ni ukungu mtupu. Sauti imebaki. Anahesabu hadi saba, mtoto anakosea, wanacheka wote wawili, inakatika.