Ni Nani Mchezaji Huyu?



Juma lililopita tuliwapa fumbo. Tulisema: mchezaji huyu alizaliwa mwaka wa 1948 huko Luluabourg, mji uitwao leo Kananga. Mwaka wa 1973 alitwaa kombe la vilabu vya Afrika pamoja na AS Vita Club ya Kinshasa. Mwaka wa 1974 alivaa jezi namba 13 ya taifa letu, lililoitwa Zaire wakati ule. Na mwezi wa Juni, huko Ujerumani, alifukuzwa uwanjani. Ni nani?

Majibu yametufikia mengi, ya wazazi na ya wanafunzi, nasi twawashukuru. Lakini yatupasa kusema kweli: walio wengi wameandika Mwepu Ilunga. Sababu twaifahamu. Mwepu ndiye aliyetoka mbio katika ukuta wa wachezaji, tarehe 22 Juni 1974 mjini Gelsenkirchen, akaupiga mbali mpira wa adhabu ambao Wabrazili walikuwa wakijiandaa kuupiga. Dunia nzima ilimcheka, ikidhani kwamba hazijui sheria za mchezo. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba alizijua vema, ila alikuwa na hasira kwa sababu wachezaji hawakupewa malipo yao. Hata hivyo siku ile hakufukuzwa, alionyeshwa kadi ya njano tu. Tena jezi yake ilikuwa namba 2, wala si 13.

Jibu la kweli ni Ndaye Mulamba. Na tazameni ajabu: ninyi mmekosea kama alivyokosea mwamuzi, ila kwa kinyume chake. Siku nne kabla ya mechi ya Brazil, tarehe 18 Juni, Zaire ilicheza na Yugoslavia. Nusu saa haijatimia, mabao manne yalikuwa yamekwisha kuingia. Wachezaji wetu wakamzunguka mwamuzi, mtu wa Colombia, wakilalamika. Na mmoja wao akampiga teke. Mwamuzi akamfukuza Ndaye. Lakini aliyepiga teke alikuwa Mwepu. Asiye na hatia akatoka, mwenye hatia akabaki, na mechi ikaisha kwa mabao tisa kwa sifuri.

Je, aliyefukuzwa alikuwa mtu asiyejulikana? Hata kidogo. Miezi mitatu tu kabla ya hapo, huko Misri, Ndaye alifunga mabao 9 katika Kombe la Afrika. Fainali na Zambia ilichezwa mara mbili, tarehe 12 na 14 Machi, na mabao yote manne ya Zaire aliyafunga yeye. Mpaka leo hakuna aliyefunga mengi kuliko hayo katika kombe moja.

Yakampata tena mengine. Mwaka wa 1998, Kombe la Afrika lilipochezwa Burkina Faso, ilitangazwa kwamba Ndaye amefia katika mgodi huko Angola. Watu wakasimama kimya dakika moja kumwombolezea. Kumbe yu hai, mkimbizi katika Afrika ya Kusini, akitafuta chakula chake kwa shida! Alifariki kweli tarehe 26 Januari 2019, mjini Johannesburg.

Basi, wapendwa, amtafutaye mchezaji wa zamani asishike uvumi. Atazame mwaka, mji, namba ya jezi na timu aliyokutana nayo. Vitu hivi vikipatana, ndipo aandike jina. Na jina lenyewe alipime: mwaka wa 1972 serikali ilikataza majina ya Kikristo, hata aliyeandikwa Pierre Ndaye akaonekana baadaye kuwa Ndaye Mulamba. Mtu ni yule yule, lakini msomaji mwenye haraka atawahesabu wawili.

Mtasema: haya ni mafumbo ya mpira tu. Sivyo. Amri ya nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo, na uongo hausemwi kwa kusudi siku zote. Mara nyingi husemwa kwa haraka. Sisi wa Bunia twaujua uzito wa jambo hili. Katika miaka ya vita ya 1999 hadi 2003, wangapi hapa Ituri walihukumiwa kwa sababu ya jina, au kabila, au kufanana na mwingine? Hawakupewa nafasi ya kusema: si mimi. Mwanafunzi azoeaye kuuliza “Una hakika ni yeye?” juu ya mchezaji, na aulize hivyo pia jirani anaposhtakiwa sokoni au njiani.

Na sasa fumbo la juma lijalo. Mlinda lango huyu alizaliwa mwaka wa 1976. Mwaka wa 2009 na wa 2010 alitwaa kombe la vilabu bingwa vya Afrika pamoja na TP Mazembe ya Lubumbashi. Desemba 2010, huko Abu Dhabi, alicheza na Inter ya Milano katika fainali ya vilabu vya dunia. Alizoea, kila timu yake ilipofunga bao, kuketi chini na kurukaruka kwa makalio, na watu wakacheka.

Ni nani? Msikimbilie jina. Pimeni kwanza, kisha mwandike.