Tusiuze ile pikapu ya zamani, lakini tuache kuiua



Kila mwaka, mbele ya mvua ya kwanza, tunapita mu mikutano mikuu huku Kolwezi, Mutshatsha na Lubudi. Tunakuja kusema juu ya mbegu, chokaa ya udongo na tarehe za kupanda. Na karibu kila pahali mkutano unaishia ku jambo lingine: pikapu. Hii inasema imechoka, iuzwe. Yule anasema tuombe mradi ulete ingine mupya. Na shofere anakaa nyuma kabisa, kimya, anaangalia chini.

Sisi tuko ba agronomu, hatuko mafundi wa gari. Lakini ofisini kwetu tuko na Hilux ya 1996, ile yenye motere ya mazutu ya 3L, na njo inatupeleka kila siku, tangu asubuhi mpaka jua kuzama, ku gudroni na ku matope. Tumejifunza kwa kuumia. Na tuko na neno ambalo tunajua halitapendeza wote: pikapu nyingi za koperative hazikufa kwa uzee. Tuliziua sisi wenyewe, na mikono yetu.

Tuanze na kisa kimoja. Hatutaji jina la koperative, memba wake watajijua. Walipanda muhindi mwisho wa mwezi wa 11, vizuri, ku mistari, na NPK chini. Urea ilikuwa imelipwa, iko mu depo ya Kolwezi, inangoja kuchukuliwa mwanzo wa mwezi wa 1, wakati muhindi unafika ku magoti. Lakini juma lile pikapu ilivunjika resori ya nyuma, na ruloma ya gurudumu ikaungua. Kwa nini? Usiku, mtu alikuwa anaikodisha kwa kubeba madini ya wachimbaji. Kila mtu alijua, hakuna aliyesema. Piyesi zilitafutwa, pesa ilikosekana, kamiyo ya kukodi ilikataa kuingia mu njia ya matope. Urea ilifika shambani mwisho wa mwezi wa 2. Muhindi ulikuwa umekwisha kutoa maua. Urea ukiimwaga saa hiyo ni sawa kumpa chakula mtu ambaye amekwisha kulala. Mavuno yalikuwa kidogo, na deni ya urea ilibaki ileile.

Njo maana tunasema pikapu ni pembejeo, kama mbegu na mbolea. Haiko heshima ya rais wa koperative, haiko zawadi ya shofere. Ikikosa kutembea majuma matatu mu mwezi wa 1, hasara inaonekana mu mwezi wa 5, ku ghala.

Sasa juu ya uzito, maana hapo njo ugonjwa mukubwa uko. Hilux ya aina hii imetengenezwa kubeba karibu tani moja. Mifuko 20 ya kilo 50 ni kilo 1,000 kamili. Lakini juu ya ile mifuko 20 tunapandisha tena watu sita, mbuzi, bido mbili za mafuta ya mawese na baiskeli ya mtu. Kwa njia ya matope na mashimo, sisi tunasema mifuko 16, na watu wawili nyuma, basi. Na mfuko wa madini hauko mfuko wa muhindi. Unaonekana mudogo, lakini jiwe lenye shaba au kobalti lina uzito mingi kuliko punje. Mfuko uleule ukijazwa madini unaweza kushinda mifuko miwili ya muhindi. Shofere anayehesabu mifuko bila kuhesabu kilo anajidanganya.

Dawa ambayo watu wanapenda ni kuongeza vyuma ku resori. Tunaingia ku garaji, tunaona pikapu imesimama juu kama kuku anayeogopa maji, na mwenyewe anajisifu: "Sasa inabeba tani mbili!" Hapana. Kitu kilichobadilika ni resori peke yake. Shasi ni ileile, ekseli ni ileile, ruloma ni zile, na freni zilitengenezwa kusimamisha tani moja. Ku mteremko, na mvua, na kamiyo ya asidi inakuja mbele yako, resori ngumu haitakusaidia kusimama. Kama resori zimelala kwa uzee, kuongeza chuma kimoja ili zirudi ku urefu wake wa zamani, ni sawa, na sisi tulifanya. Kuongeza vitatu ili kubeba zaidi, hatukubali, hata fundi akiapa.

Kuna matengenezo mengine ya kubadilisha gari ambayo tunayapenda sana. Kuweka vyuma vya pembeni na bashi nzuri, maana urea inavuta maji, ikilowa inakuwa jiwe. Kuweka mbao chini mu karoseri, mifuko isipasuke. Kuweka bamba la chuma chini ya motere, kwa mawe ya njia zetu. Kupandisha bomba la hewa mpaka juu ya kioo, ni muzuri kwa sababu mbili: vumbi mingi inabaki chini, na ukivuka maji motere haiyanywi. Motere ya mazutu ikinywa maji, vyuma vya ndani vinapinda, na siku ile ile unaanza kutafuta motere ingine.

Volanti nayo tuiseme. Pikapu nyingi zinafika huku kutoka Japani, zinapita Dar es Salaam, na volanti iko mkono wa kuume. Huku tunaendesha upande wa kuume, kwa hiyo volanti inahamishwa kushoto. Kazi hiyo ikifanywa vizuri, na piyesi za gari lenye volanti ya kushoto tangu kiwanda, gari linaenda miaka. Ikifanywa kwa kukata na kusude vyuma vya volanti, ni kifo kinachongoja kona. Koperative ikitaka kununua pikapu ya okazio, mtu alale chini, aangalie kama kuna alama ya kusude ku vyuma vya volanti. Akiiona, mrudi nyumbani na pesa yenu.

Watu wanatuuliza: kwa nini musiache hiyo ya zamani, muchukue ya kisasa? Jibu letu ni mazutu. Mazutu tunayopata vijijini inatoka mu bido kando ya barabara, na mara mingi iko na maji na uchafu ndani. Motere ya zamani kama 3L, au 1HZ ya Land Cruiser, iko na pompi ya injeksio ya vyuma tupu, bila kompyuta. Nayo inaumia na maji, lakini inavumilia, na fundi wa Mutshatsha anaweza kuifungua. Motere za kisasa zinasukuma mazutu kwa nguvu mara mingi zaidi, na enjektere zake ni nyembamba sana. Tone la maji linaziharibu, na bila kompyuta ya garaji hakuna anayejua ugonjwa uko wapi. Kampuni za migodi zinaweza kuzilisha hizo gari. Zina depo zao za mazutu na mafundi wao, na wengine kati ya hao mafundi walikuwa wetu. Koperative ya memba 60 haiwezi.

Lakini ya zamani inataka nidhamu. Kila juma, fungua ile vida ndogo chini ya filtiri ya mazutu, mwaga mpaka maji yaishe na mazutu safi itoke. Ni kazi ya dakika tano. Mu kiangazi, tangu mwezi wa 5 mpaka mwezi wa 9, vumbi jekundu inaziba filtiri ya hewa upesi sana: itoe kila juma, ipulize kutoka ndani kwenda inje, usiipige ku ukuta mpaka inapasuka. Vidanji kila kilometa 5,000, hata mbele ya hapo kama gari linashinda mu vumbi. Mbele hatukuamini hii, tulikuwa tunangoja mafuta yawe meusi. Fundi mmoja muzee alitucheka: mafuta ya motere ya mazutu yanakuwa meusi siku ya pili, rangi haikuambii kitu, ni kilometa njo zinakuambia.

Na kuruwa ya distribisio. Hii tunaomba muisome mara mbili. Iko ndani, haionekani, hailii, haitoi onyo. Inabadilishwa kila kilometa 100,000. Ikikatika, pistoni zinapiga valvu, na motere imekwisha. Sasa, pikapu ya okazio kontere yake mara mingi imekufa, au imerudishwa nyuma, na muuzaji ataapa kwa jina la mama yake. Musimuamini, musimchukie, mubadilishe tu kuruwa siku mnayonunua na muandike tarehe mu kaye. Ni bei ya mifuko michache, na motere nzima iko nyuma yake.

Kitu kingine kidogo kinachotuuzi: fundi kutoa termostati, "ili motere isipate moto." Motere inapata moto juu radiateri imeziba matope, au feni haizunguki vizuri, au mumeweka maji ya kisima yenye chokaa. Kutoa termostati ni sawa kuvunja kipima homa ili mtoto apone. Safisha radiateri na maji mwisho wa mvua, mbele na nyuma, utaona.

Pesa inatoka wapi? Hapa njo ugomvi unaanza. Tuseme kila mfuko unaopanda unalipa franka 500 za matengenezo, inje ya bei ya mazutu. Safari moja ya mifuko 16 inaingiza 8,000. Safari tatu kwa juma ni 24,000. Mu majuma 12 ni 288,000. Haiko utajiri, lakini inalipa vidanji na filtiri, na inabaki kitu cha kuanza kuweka kwa mipira. Pesa hiyo ikae mu kisanduku chake. Isichanganywe na michango ya kilio wala pesa ya mbegu. Tunajua kilio ni kilio, na hakuna atakayemkatalia memba gari la kupeleka marehemu wake. Sawa, gari liende, lakini safari iandikwe mu kaye, na koperative ilipe franka za matengenezo kutoka mfuko wa msaada. Gari halijui kama limebeba huzuni au muhindi, mipira inaisha vilevile.

Na sisi watu wa miradi tusijifiche. Mara ngapi tumeleta gari, tumepiga picha na funguo, tukaenda, bila kuacha hata seti moja ya filtiri? Mu bajeti ya mradi kuna pesa ya kununua na hakuna pesa ya kubadilisha ruloma. Tumelisema hili ofisini, tutalisema tena. Lakini musingoje mpaka tushinde hiyo vita.

Kuna wakati wa kuuza pia. Memba mmoja mzee alitusimamia mu mkutano, akasema: "Mwanangu, ng'ombe ikizeeka inachinjwa, haipewi dawa kila siku." Ana haki. Kama shasi imepasuka na imesudewa mara mbili pahali pamoja, kama kutu imekula pale resori zinashika, uzeni, hata kama motere inaimba vizuri. Motere inabadilishwa, shasi iliyooza haina dawa. Pikapu mingi tunazoziona haziko hapo. Ziko na njaa tu ya grese, mafuta na mtu mmoja wa kuziangalia.

Ile koperative ya urea haikuuza pikapu yake. Mu mwezi wa 6 walikaa, wakagombana siku nzima, wakamaliza hivi: funguo zinalala kwa mama anayeweka pesa, si kwa shofere. Kaye iko mu gari, na kila safari inaandikwa kilo, kilometa na jina. Mwezi wa 9 tulipita kwao. Resori ni mupya, vyuma vya ziada vimetolewa. Shofere ni yuleyule. Alifungua kaye mwenyewe kutuonyesha, halafu akalalamika kwamba yule mama anapima mifuko na mizani mbele ya kumpa funguo, hata saa kumi na moja ya asubuhi, hata kama kuna mvua.