Rangi Inayopotea na Maji ya Kahawa

Msimu wa kahawa ukipamba moto, maji yanayotoka kwenye mashine ya kumenyea huteremka yakiwa na wekundu hafifu. Yakishaingia shimoni, sukari ya utelezi wa tunda la kahawa huchacha, harufu ya siki hupanda, na wekundu hugeuka weusi. Shimo likifurikia mtoni, bakteria wanaokula sukari ile humaliza oksijeni ya maji, samaki wakafa. Wakazi wa mabonde ya kahawa hawahitaji kusimuliwa haya.

Wekundu ule ni anthosayanini, rangi ya antioksidanti ambayo Waitalia wamekuwa wakiitoa kwenye maganda ya zabibu tangu karne ya 19. Swali ni kama ya kahawa nayo inafaa kuvunwa. Nasema inafaa, mradi ivunwe palepale mashineni.

Anthosayanini hutulia kwenye maji yenye asidi, na huharibiwa na joto, mwanga na hewa. Vimeng'enya vya tunda lenyewe huanza kuitia ukahawia mara ganda linapopasuka. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya fundi bomba: maji ya kumenyea yapewe mfereji wake, yasikutane na yale ya matangi ya kuchachulia. Maganda mabichi yakamuliwe siku hiyohiyo, maana ndiyo yenye rangi nyingi. Majimaji yote yachujwe, yatiwe asidi ya sitriki, kisha yapitishwe kwenye chembechembe za resini. Resini hushika rangi na kuiacha sukari ipite. Alkoholi huiosha rangi ikatoka, nayo alkoholi hukenekwa itumike tena.

Atakayewaambia wanaushirika kwamba hapo maji yameshasafika anawadanganya. Sukari bado imo, na bila mtambo wa biogesi au bwawa la kusafishia, mto utaendelea kuumia.

Soko lipo. Januari 2025 Marekani ilifuta kibali cha rangi nyekundu namba 3 kwenye vyakula, na viwanda vimepewa hadi Januari 2027 kuiacha. Lakini wakulima wetu wengi hupambana na chulebuni kwa dawa zenye shaba, na inayosalia kwenye ganda inaweza kuingia kwenye rangi. Vyama vya ushirika vipime shaba kwanza, majibu ya maabara yawe mkononi, ndipo vijadili bei ya mtambo wa kuvuna rangi. Na mkataba wa mtambo huo utamke wazi kwamba rangi ni mali ya wakulima walioleta kahawa.