Kivuli cha Pili Katika Mkanda wa Harusi



Majuma mawili yaliyopita dada yangu alinijia na flashi mkononi, uso umemkunjamana. Ndani yake mlikuwa na harusi yake ya mwaka 1996, iliyonakiliwa dukani kutoka mkanda wa VHS. Kila marehemu mama alipoinua mikono kumtengenezea bibi harusi mtandio, ilionekana mikono minne: miwili yake na miwili ya kivuli. "Kaka, mkanda umeharibika," akasema.

Mkanda ulikuwa mzima. Iliyoharibika ni nakala.

Runinga za zamani hazikuchora picha nzima kwa mara moja. Katika mfumo wa PAL, uliotumika Tanzania na Kenya, picha ya mistari 625, ambayo 576 ndiyo huonekana, iligawanywa nusu mbili: mistari ya witiri na mistari ya shufwa. Nusu hizo hupokezana mara 50 kwa sekunde. Kwa kuwa ya pili hunaswa baadaye kidogo, aliyekuwa akitembea huwa amekwisha kusogea. Ndiyo maana kompyuta inapoziweka pamoja, kingo za kitu kiendacho hutoka meno kama ya kitana. Meno hayo yasikutishe. Ni dalili kwamba nusu zote mbili zimesalimika.

Fundi mwenye haraka huyafuta kwa kuzichanganya nusu mbili, kama achanganyaye maziwa na chai. Meno hutoweka, kivuli huzaliwa. Matokeo ni hayo hayo akipunguza kimo cha picha kabla ya kuzitenganisha nusu. Na maziwa yakishaingia chaini, nani atayatoa?

Tiba ni kuurudia mkanda wenyewe. Unakiliwe kwa mistari yote 576 bila kupunguzwa, kisha nusu zitenganishwe kwa zana kama QTGMC, itumikayo ndani ya programu ya AviSynth, zote za bure. Hiyo huikamilisha kila nusu iwe picha nzima, zikapatikana picha 50 kwa sekunde. Mwulize fundi pia ni nusu ipi inayotangulia, kwani akikosea watu huonekana wakirukaruka mbele na nyuma.

Mikanda iliyotoka Marekani ina shida yake. Huko mfumo ulikuwa NTSC, wa nusu zipatazo 60 kwa sekunde. Ili ziingie katika 50, vigeuzi vya bei nafuu huchanganya nusu jirani, na kivuli kikaganda ndani ya mkanda wenyewe. Ikiwa asili yake ni filamu ya sinema ya picha 24 kwa sekunde, zana iitwayo Srestore huweza kuzitafuta nusu safi na kuziacha zilizochanganyika. Lakini kama ilipigwa kwa kamera ya nyumbani, hakuna la maana litakalofanyika; mwandikieni jamaa aliyeko huko autafute mkanda wa awali. Dukani wakiwaahidi vinginevyo, waulizeni watafanyaje.

Mkanda wa dada tuliukuta chini ya kitanda, ukingojea kutupwa (naye ni mwepisi wa kutupa). Fundi mwingine, mtu mzima mwenye deki yake ya zamani, aliusafisha kuvu kwanza, nasi tukaketi naye hadi mwisho, kwa kuwa mna wanawake wa familia.

Mama sasa anainua mikono miwili. Dada ameagiza nakala tatu.